Seli, kiunzi chake na mzunguko wake: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha biolojia jioni na wikendi huku Eastlands, Nairobi. Wanafunzi wangu wengi ni wa kidato cha tatu na cha nne, na wachache wanasomea uuguzi na kazi za maabara. Darasani somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, lakini likikaza, maswali huja kwa Kiswahili, na mara nyingi hayo ndiyo maswali yenyewe. Hapa nimekusanya yale yanayorudi kila muhula. Utaona narejea tena na tena kwenye kiunzi cha seli, zile nyuzi za protini ambazo mafunzo ya shule huzipita haraka. Nina sababu. Asiyekijua kiunzi hukariri mgawanyiko wa seli bila kuuelewa, na akitoka kwenye mtihani husahau yote.

Seli ni ndogo kiasi gani?

Chukua rula yako ya shule, tazama nafasi ya milimita moja, kisha uigawe mara 1,000. Kila kipande ni mikromita moja. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8, kwa hivyo utapanga zaidi ya 120 ndio zijaze ile milimita. Bakteria wa tumboni, Escherichia coli, ana urefu wa mikromita 2 hivi. Yai la mwanamke ni kubwa ajabu likilinganishwa na hizo: karibu sehemu ya kumi ya milimita, na mwenye macho mazuri anaweza kuliona kama nukta.

Jina la seli alilitoa Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665, alipotazama kipande chembamba cha koki kwa hadubini akaona vijumba vitupu. Alichokiona kilikuwa kuta tu, wenyeji walikuwa wamekufa zamani. Baadaye Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann, mwaka 1838 na 1839, wakasema mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli, na mwaka 1855 Rudolf Virchow akashikilia kwamba kila seli hutoka kwa seli nyingine. Shika hilo la Virchow, maana nusu ya maswali yaliyo hapa chini yanatokana nalo.

Mwalimu, mbona hutaki tufikirie seli kama yai la kukaanga?

Kwenye mtihani chora unavyotakiwa, mtihani una alama zake. Ninachopinga ni kubaki na picha hiyo kichwani: duara, majimaji, na kiini kikielea katikati kama kiini cha yai. Sehemu zenyewe unazijua. Kiini hutunza DNA, ribosomu huunganisha protini, mitokondria hutengeneza ATP inayobeba nishati, retikulamu ya endoplazimu na Golgi huandaa protini za kupelekwa kwingine, lisosomu husaga taka. Kitabu chochote kinayo hayo.

Kisichoonekana kwenye mchoro ni msongamano. Protini na molekuli nyingine kubwa hujaza kati ya asilimia 20 na 30 ya nafasi yote ndani ya seli. Fikiria stendi ya Machakos Country Bus siku mbili kabla ya Krismasi: magunia, kuku, watoto, mikokoteni, kila mtu akisukumana. Pale hakuna kinachoelea. Ukitaka gunia lako lifike upande wa pili, lazima kuwe na njia na mtu wa kulibeba. Seli nayo ina njia na wabebaji, na njia hizo ni sehemu ya kiunzi chake.

Kiunzi cha seli kimeundwa na nini?

Ni protini za aina tatu, na zinatofautishwa vizuri kwa unene. Ili upate kipimo, unywele wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Nyembamba zaidi ni nyuzi za aktini, nanomita 7. Nyingi hukaa chini ya utando wa seli na kuupa umbo. Seli nyeupe ya damu inapomfukuza bakteria, huongeza aktini upande wa mbele, utando unasukumwa, na seli inajikokota. Aktini ikivutwa na protini inayoitwa miosini unapata msuli. Kila unapopanda ngazi za ghorofa, ni aktini na miosini zinavutana.

Zinazofuata ni nyuzi za kati, nanomita 10. Hizi ni kamba za kuhimili mvuto. Keratini iliyo kwenye ngozi, nywele na kucha ni ya kundi hili, na pia lamini, zinazotandikwa ndani ya ukuta wa kiini. Ukitaka kujua kazi ya keratini, mtazame mtoto aliyezaliwa na kasoro kwenye jeni ya keratini 5 au 14: ngozi yake hutoka malengelenge kwa kusuguliwa kidogo tu, hata na nguo. Seli zake zina kila kitu isipokuwa kamba imara, kwa hiyo zinapasuka.

Nene kuliko zote ni mikrotubuli, nanomita 25. Kila moja ni bomba lenye uwazi ndani, limejengwa kwa jozi za tubulini, alfa na beta, zilizopangwa kwa kawaida katika safu 13. Katika seli nyingi za wanyama huanzia karibu na kiini, mahali panapoitwa sentrosomu, zikitawanyika kama miale. Ndizo pia zilizomo ndani ya vinyweleo vya koo la hewa, jozi 9 kwa mduara na mbili katikati. Vinyweleo hivyo huchapa bila kupumzika, vikisukuma juu makohozi yenye vumbi na moshi tuliovuta barabarani. Mkia wa mbegu ya kiume umejengwa kwa mpango huo huo.

Kama ni kiunzi, mbona unasema kinabomolewa kila dakika?

Neno kiunzi linatupeleka kwenye mifupa, na mfupa haubomolewi leo ukajengwa kesho mahali pengine. Ukipita kwenye mjengo wowote pale Pipeline utaona mfano ulio karibu zaidi: ile miti ya mikaratusi inayoshikilia slabu. Slabu ikikauka, miti inatolewa na kupandishwa ghorofa inayofuata. Ni miti ile ile, kazi mpya.

Mikrotubuli hufanya hivyo kwa kasi kubwa. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba mikrotubuli zilizo pamoja haziendi kwa mwendo mmoja: moja inarefuka huku jirani yake inaporomoka ghafla. Sababu iko kwenye ncha. Kila tubulini inapojiunga huja na molekuli ya GTP, jamaa ya ATP inayobeba nishati, na baada ya kujiunga GTP hiyo huvunjwa. Ncha ikiwa bado na tubulini zenye GTP, bomba linasimama na kuendelea kukua. GTP ikiisha pale nchani, safu zinajikunja kwa nje na bomba linafumuka.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama huo si upotevu wa nishati. Nishati inatumika, ndiyo, lakini seli inapata kitu kwa hiyo gharama. Stima zikipotea usiku unapapasa meza kutafuta kiberiti: unanyoosha mkono huku, huna kitu, unaurudisha, unanyoosha kule. Mikrotubuli zinazokua na kuporomoka zinapapasa hivyo ndani ya seli. Weka hili akilini mpaka tufike kwenye kromosomu, yale mafurushi ya DNA.

Je, bakteria nao wana kiunzi?

Wanacho. Zamani vitabu vilisema hawana. Leo tunajua wana protini iitwayo FtsZ, jamaa ya tubulini, inayojipanga kama pete katikati ya bakteria anapogawanyika, na nyingine iitwayo MreB, jamaa ya aktini, inayowapa wengi umbo la kijiti.

Mizigo husafirishwaje ndani ya seli?

Kwa miguu, kihalisi kabisa. Protini iitwayo kinesini, iliyogunduliwa mwaka 1985, ina miguu miwili inayokanyaga juu ya mikrotubuli, hatua baada ya hatua, kila hatua nanomita 8 na kila hatua ikigharimu ATP moja. Nyingi huelekea nje, mbali na kiini. Nyingine, dineini, hurudi upande wa kiini. Mgongoni kila moja hubeba kifuko cha kemikali, au hata mitokondria nzima.

Umuhimu wake unaonekana kwenye neva. Seli ya neva inayofika kidole chako cha mguu ina mwili wake karibu na uti wa mgongo, na mkia wake unaweza kufikia urefu wa mita moja. Protini nyingi hutengenezwa kule juu. Mizigo ya haraka husafiri milimita 200 hadi 400 kwa siku, kwa hivyo kutoka kiunoni hadi kidoleni ni safari ya siku tatu hadi tano.

Njia hiyo ina hatari yake. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye neva pale ulipoumwa, kisha husafirishwa kuelekea kwenye ubongo kwa mfumo huo huo wa mizigo inayorudi. Ndiyo maana huambiwa uoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu uende hospitali upate chanjo siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mwili unatakiwa uwe na kinga kabla virusi havijamaliza safari. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Tafadhali usingoje uone mbwa atakuwaje.

Mzunguko wa seli una hatua gani, na huchukua muda gani?

Tuseme seli ya binadamu inayokuzwa maabara inamaliza mzunguko kwa saa 24. Kwa wastani, saa 11 ni za G1, seli inakua na kufanya kazi zake. Saa 8 ni za S, DNA yote inanakiliwa. Saa 4 ni za G2, inajiandaa na kukagua nakala. Mgawanyiko wenyewe, M au mitosisi, ni saa moja hivi. Wanafunzi hutumia nguvu zao zote kwenye ile saa moja kwa sababu ina michoro, ilhali saa 23 zilizobaki ndizo zinazoamua mambo.

Hatua ya S inastahili heshima. Kila seli yako yenye kiini ina DNA ambayo ikinyooshwa ingefikia karibu mita 2, yenye jozi za herufi bilioni 6 hivi. Yote hunakiliwa mara moja tu, si mara mbili, si nusu. Mwandishi gani angenakili kitabu kirefu hivyo kwa saa 8 asiruke mstari?

Kwani seli zote hugawanyika?

La. Nyingi zimetoka kwenye mzunguko, katika hali inayoitwa G0. Neva nyingi na misuli ya moyo hazirudi, ndiyo maana kiharusi na mshtuko wa moyo huacha kovu. Seli za ini hulala, lakini sehemu ya ini ikikatwa huamka na kugawanyika. Seli nyekundu za damu hazina hata kiini: huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutengeneza karibu milioni 2 mpya kila sekunde. Ngozi ya ndani ya utumbo hubadilishwa kila baada ya siku tatu hadi tano.

Nini hasa hutokea kwenye mitosisi?

Hapa kiunzi ndicho mhusika mkuu. Seli ikiingia mitosisi, ule mtandao wa mikrotubuli uliokuwa barabara za mizigo unafumuliwa, na tubulini hizo hizo zinajengwa upya kuwa spindeli, mtambo wa nyuzi unaotenganisha kromosomu. Sentrosomu, ambayo tayari imejinakili, inagawana pande mbili. Kromosomu zinajikunja na kuwa fupi na nene, kila moja ikiwa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili zilizoshikamana. Lamini zinawekewa fosfeti, zinaachana, na ukuta wa kiini unasambaratika.

Sasa ule upapasaji unaanza kulipa. Mikrotubuli kutoka pande zote mbili zinakua na kuporomoka, zinakua na kuporomoka, mpaka moja inagusa kinetokori, kishikio kilicho kwenye kiuno cha kromosomu. Iliyoshika haiporomoki ovyo tena. Nyingine kutoka upande wa pili inashika kromatidi dada. Zikivutana sawasawa, kromosomu inakaa katikati ya seli. Hiyo ni metafezi.

Halafu seli inangoja. Mwalimu anayepeleka darasa kutembelea makumbusho ya taifa huhesabu vichwa kabla basi kuondoka, na mtoto mmoja akikosekana basi haliondoki hata kama wengine 45 wamekaa na mikanda wamefunga. Seli nayo hufanya vivyo hivyo na kromosomu zake 46: kinetokori moja isiyoshikwa inatosha kutoa ishara ya kuzuia kila kitu. Ikishikwa, ishara inanyamaza, protini zilizokuwa zimefunga kromatidi dada zinakatwa, na anafezi inaanza kwa ghafla. Kromatidi zinaburutwa kuelekea pande zao huku mikrotubuli zikifupika.

Mwishoni, kwenye seli za wanyama, pete ya aktini na miosini inajifunga kiunoni mwa seli kama kamba ya mdomo wa gunia, mpaka zinakuwa mbili. Mmea una ukuta mgumu, hauwezi kubanwa hivyo. Wenyewe husafirisha vifuko kutoka Golgi hadi katikati, kwa njia ya mikrotubuli, na kujenga ukuta mpya kuanzia ndani kwenda nje.

Nani huamua kwamba seli igawanyike sasa?

Jibu lilitoka kwa viumbe ambao hakuna aliyewatarajia, na mmoja anatuhusu sisi.

Mmarekani Leland Hartwell alifanya kazi na hamira ya mkate, akitafuta jeni ambazo zikiharibika mzunguko hukwama. Mwingereza Paul Nurse alitumia hamira nyingine, inayojigawa katikati kama kijiti kinachokatwa. Jina lake la kisayansi ni Schizosaccharomyces pombe. Umesoma sawa: hiyo ni pombe ya Kiswahili. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitenga kutoka kwenye pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaipa jina la kinywaji chenyewe. Nikifika hapa darasani hunyamaza kidogo, niwaache wanafunzi wapate neno lao katikati ya sayansi ambayo wamezoea kuiona imetoka mbali.

Ndani ya hamira hiyo ya pombe, Nurse alipata jeni inayosukuma seli kuingia kwenye mgawanyiko, cdc2. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walichukua hamira iliyoharibika jeni hiyo, wakaipa jeni za binadamu, na moja ikaiponya. Hamira ikaanza kugawanyika tena kwa kutumia jeni ya mtu. Swichi ni ile ile, kwetu na kwa kiumbe tulichoachana nacho zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.

Swichi hiyo haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1982 Tim Hunt, akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu, aliona protini inayoongezeka taratibu kisha inatoweka kila seli inapogawanyika. Akaiita saiklini. Saiklini ikijaa, inawasha kimeng'enya cha cdc2. Ikiharibiwa, kimeng'enya kinazima. Hartwell, Hunt na Nurse walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 2001.

Pamoja na vichochezi kuna walinzi. Maarufu zaidi ni p53. DNA ikiharibika, p53 husimamisha mzunguko ili ikarabatiwe, na ikishindikana huiamuru seli ife.

Saratani inahusianaje na haya yote?

Swali hili wengi huniuliza baada ya darasa, peke yao, kwa sababu kuna mtu nyumbani. Kwa hiyo nalijibu polepole.

Saratani ni seli zinazoendelea na mzunguko pale ambapo zilipaswa kusimama. Mfano ulio wazi ni saratani ya mlango wa kizazi. Husababishwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, zinahusika na karibu asilimia 70 ya wagonjwa. Virusi hivi hutengeneza protini mbili: E6 inasababisha p53 iharibiwe, na E7 inamfunga mlinzi mwingine, Rb, anayezuia seli kuingia hatua ya S. Walinzi wawili wameondolewa kwa mpigo. Tangu 2019 Kenya imekuwa ikitoa chanjo ya HPV kwa wasichana kuanzia miaka 10, na kama una binti au mdogo wako wa umri huo, mpeleke. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na virusi.

Mfano wa pili ni uvimbe wa taya kwa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Kromosomu mbili hukatika na kubadilishana vipande, mara nyingi ya 8 na ya 14, na jeni MYC inayochochea mgawanyiko inajikuta imewekwa mahali ambapo haizimwi. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Cha kutia moyo ni kwamba, kwa kuwa seli zake hugawanyika kwa kasi hivyo, dawa huukamata vizuri.

Moja ya dawa hizo, vinkristini, ilitokana na ua la Catharanthus roseus, lenye asili ya Madagaska, ambalo hupandwa kama pambo, jeupe au la waridi. Vinkristini hushika tubulini na kuizuia isijenge spindeli, hivyo seli hukwama katikati ya mitosisi na kufa. Usichemshe ua hilo nyumbani: kipimo kidogo kikizidi ni sumu. Dawa nyingine, paklitakseli, iliyotoka kwenye gamba la mti wa Marekani, hufanya kinyume. Hugandisha mikrotubuli zisiweze kuporomoka, na seli hukwama vile vile. Hilo linathibitisha kwamba kuporomoka ni kazi, si hitilafu.

Hapa pia ndipo penye jibu la nywele kukatika: seli za kwenye mzizi wa unywele ni kati ya zile zinazogawanyika haraka zaidi mwilini. Na ganzi ya vidole? Neva hazigawanyiki, lakini kumbuka ile safari ya mita moja. Dawa ikivuruga mikrotubuli, mizigo haifiki, na neva ndefu ndizo huumia kwanza. Mgonjwa wako akisema miguu inawaka au haisikii vizuri, mwambie daktari wake mapema.

Ni kweli dawa ya minyoo hushambulia kiunzi cha seli?

Ni kweli. Albendazo, ile ambayo watoto hutafuna shuleni, hushika tubulini beta ya mnyoo kwa nguvu kuliko inavyoshika yetu. Seli za utumbo wa mnyoo hupoteza mikrotubuli, hushindwa kufyonza sukari, naye hufa njaa. Griseofulvini, inayotolewa kwa mashilingi ya kichwani, hukaa kwenye keratini ya nywele na kuvuruga mikrotubuli za kuvu. Lazima inywewe wiki kadhaa mpaka unywele safi umee. Kolchisini, dawa ya jongo, pia hushika tubulini. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan waliitumia kukwamisha seli kwenye metafezi ili kromosomu zihesabike, wakapata 46. Kabla ya hapo dunia ilikuwa ikifundisha 48.

Kuna mfano wowote wa utafiti huu uliofanyika hapa Nairobi?

Upo, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Ng'ombe wetu huuawa na ndigana kali, inayoletwa na kupe wa masikio. Kimelea chake, Theileria parva, huingia kwenye seli nyeupe ya damu, huuyeyusha utando uliomfunika, kisha hujizungushia mikrotubuli za seli hiyo. Baada ya hapo huilazimisha seli igawanyike bila kikomo, kama ya saratani. Na hapa ndipo ninapostaajabu: seli ikiunda spindeli, kimelea hujishikiza kwenye spindeli hiyo hiyo. Seli ikikatika mbili, naye anakatika mbili, kila binti anapata kipande. Hahitaji kuivunja seli ili kuenea. Amepanda gari la mwenyewe.

Ukimuua kimelea kwa dawa ya buparvakuoni, seli zinaacha kugawanyika ovyo. Maana yake jeni za ng'ombe hazikuwa zimeharibika, zilikuwa zimeshikiliwa tu. Watafiti wa Muguga, nje kidogo ya jiji, walitengeneza miaka ya 1970 chanjo ya vimelea hai inayotolewa pamoja na oksitetrasaiklini, na hadi leo inajulikana kwa jina la Muguga. Maabara ya ILRAD, ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na kuwa sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, mwaka 1994, imekuza na kuchunguza seli hizi kwa miaka mingi. Ukipita Kabete kwa matatu, kazi hiyo ilikuwa upande wa pili wa ua.

Mitosisi na meiosisi zinatofautianaje?

Mitosisi hutoa seli mbili zenye kromosomu 46 kila moja. Meiosisi hugawa mara mbili baada ya kunakili mara moja, ikatoa seli zenye 23, kwa ajili ya mayai na mbegu. Mayai ya mwanamke huanza meiosisi kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, kisha husubiri miaka mingi. Kadiri kusubiri kunavyorefuka, vifungo vya kromosomu huchoka, na hiyo ni sababu moja ya mimba zenye nakala tatu za kromosomu ya 21 kuongezeka kwa akina mama wenye umri mkubwa.

Ninaweza kuona seli zikigawanyika bila maabara ya chuo kikuu?

Unaweza, ukiwa na hadubini ya shule na kitunguu cha Marikiti. Nunua vitatu, kwa sababu vingine vimetibiwa visichipue. Kwangua mizizi mikavu, weka kila kitunguu juu ya glasi ili kitako kiguse maji, na baada ya siku mbili hadi nne utaona mizizi myeupe. Asubuhi kata ncha, uziloweke kwenye mchanganyiko wa sehemu tatu za ethanoli na moja ya asidi ya asetiki. Kisha zipashe moto katika asidi hafifu ya hidrokloriki kwa nyuzi 60 kwa dakika tano, mwalimu akiwepo, na uzioshe. Asidi hiyo hulegeza gundi kati ya seli, na hapo ndipo wengi huharibu: wakiikosa, seli hubaki zimerundikana na hakuna kinachoonekana.

Kata milimita 1 au 2 za mwisho tu, kwa sababu huko juu zaidi seli zinarefuka bila kugawanyika. Weka rangi ya asetokamini, funika kwa kioo chembamba, weka karatasi laini juu, na ubonyeze kwa kidole gumba bila kusogeza pembeni. Tazama kwa ukuzaji wa mara 400.

Usikimbilie kutafuta anafezi nzuri ya kuchora. Hesabu. Tuseme kati ya seli 200 umepata 12 zilizo kwenye mitosisi, na tuchukulie mzunguko wote ni saa 20. Gawa 12 kwa 200, zidisha kwa 20, unapata saa 1 na dakika 12: muda ambao mitosisi huchukua kwenye mzizi wako. Sasa hesabu zilizo kwenye metafezi peke yake, na anafezi peke yake. Utakuta metafezi ni nyingi kuliko anafezi, na ukikumbuka lile basi linalosubiri mtoto mmoja, utajua kwa nini.